Jenga Jedwali la Elementi kwa Mkono Wako: Hatua Nane kwa Anayeanza Kemia

Wanafunzi wengi wanaoanza kemia hukutana na jedwali la elementi lenye visanduku 118, wakashtuka, kisha wakaanza kulikariri: haidrojeni, heliamu, lithiamu, beriliamu... Wanafika namba 20, wanafaulu jaribio la wiki hiyo, na baada ya likizo yote yameyeyuka. Inasikitisha, kwa sababu jedwali hili halikutengenezwa ili likaririwe. Lilitengenezwa ili mtu anayejua mambo machache aweze kuyafikia mengi kwa kufikiri.

Mwongozo huu unakutaka ulijenge mwenyewe, kuanzia elementi ya kwanza hadi ya 20, kwa kutumia namba moja tu: idadi ya protoni. Ukifika hatua ya mwisho, utakuwa unabashiri tabia za elementi ambazo hujawahi kuziona.

Unachohitaji

Karatasi mbili za A4, penseli, kifutio, rula, na jedwali la elementi lililochapishwa, kama lile lililo nyuma ya kitabu cha kemia. Usifanye hatua zote kwa kikao kimoja. Hatua ya 1 hadi ya 4 zinatosha siku ya kwanza.

Hatua ya 1: Ijue atomu kwa sehemu zake tatu

Chukua waya wa shaba, ukate katikati, kisha nusu yake uikate tena. Lau ungeweza kuendelea hivyo bila kukoma, mwisho ungefika kwenye chembe ambayo ukiigawa haitakuwa shaba tena. Chembe hiyo ni atomu. Kitu chenye atomu za aina moja tu huitwa elementi: shaba, dhahabu, oksijeni, kaboni. Maji si elementi, maana ndani yake haidrojeni na oksijeni zimeungana.

Atomu ina chembe za aina tatu:

- Protoni zimo ndani ya kiini. Zina chaji chanya, na tungamo la kila moja tunalihesabu kuwa 1.
- Neutroni nazo zimo ndani ya kiini. Hazina chaji, na tungamo lake linakaribia kulingana na la protoni.
- Elektroni ziko nje ya kiini. Zina chaji hasi, na ni nyepesi mno: zinatakiwa elektroni zipatazo 1,836 kufikia tungamo la protoni moja.

Mwaka 1911 Ernest Rutherford, akifanya kazi Manchester, Uingereza, alieleza kuwa karibu tungamo lote la atomu limekusanyika kwenye kiini kidogo sana. Atomu ya haidrojeni ingekuwa na upana sawa na urefu wa uwanja wa mpira, kiini chake kingekuwa kama punje ya ulezi katikati ya uwanja huo. Nafasi yote iliyobaki ni makao ya elektroni.

Kabla ya kusonga mbele, shika jambo hili: idadi ya protoni ndiyo inayoamua atomu ni ya elementi gani. Atomu yenye protoni 6 ni kaboni, iwe ndani ya mkaa, ndani ya sukari au ndani ya almasi ya Mwadui. Elektroni zinaweza kuondoka au kuongezeka, neutroni zinaweza kutofautiana, lakini protoni zikiwa 6 hiyo ni kaboni.

Hatua ya 2: Soma kisanduku kimoja mpaka ukimalize

Fungua jedwali lililochapishwa utafute sodiamu. Utaona namba 11, alama Na, na namba nyingine iliyo 23 au 22.99.

Namba 11 ni namba ya atomiki, yaani idadi ya protoni. Kwa kuwa atomu isiyo na chaji ina elektroni sawa na protoni, umeshajua pia kuwa ina elektroni 11. Namba 23 inatokana na tungamo la atomu. Elektroni ni nyepesi kiasi cha kutohesabiwa, kwa hiyo 23 ni jumla ya protoni na neutroni. Toa:

23 − 11 = neutroni 12

Majedwali hayafanani. Mengine huweka namba ya atomiki juu, mengine chini, na wanafunzi wengi huanguka hapo. Usiangalie mahali ilipoandikwa. Angalia kuwa namba ya atomiki haina desimali kamwe, na ndiyo ndogo kati ya hizo mbili.

Sasa angalia klorini: namba ya atomiki 17, tungamo 35.5. Je, kuna nusu neutroni? Hakuna. Atomu za klorini katika maumbile ni za aina mbili: zenye neutroni 18, ambazo tungamo lake ni 35, na zenye neutroni 20, ambazo tungamo lake ni 37. Zote zina protoni 17, kwa hiyo zote ni klorini. Atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa neutroni huitwa isotopu. Katika kila atomu nne za klorini, karibu tatu ni za 35 na moja ni ya 37. Tafuta wastani:

(35 + 35 + 35 + 37) ÷ 4 = 35.5

Kila unapokuta desimali katika tungamo la atomu, kumbuka kuwa mara nyingi unatazama wastani wa isotopu.

Hatua ya 3: Heshimu herufi kubwa na ndogo

Alama ya elementi huwa na herufi moja au mbili. Ya kwanza ni kubwa, na ya pili, kama ipo, ni ndogo. Co ni kobalti, metali inayochimbwa kwa wingi Kolwezi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. CO ni kaboni na oksijeni zilizoungana, gesi isiyo na harufu inayotoka kwenye jiko la mkaa na kuua watu waliolala chumba kilichofungwa madirisha. Ukikosea ukubwa wa herufi moja, umeandika kitu kingine kabisa.

Alama nyingi zinafuata majina unayoyasikia darasani. Chache zimetokana na Kilatini, na hizi ndizo pekee ninazokushauri uzikariri mapema: Na (sodiamu), K (potasiamu), Fe (chuma), Cu (shaba), Ag (fedha), Au (dhahabu) na Pb (risasi).

Hatua ya 4: Panga elektroni kwa matabaka

Elektroni hukaa katika matabaka yanayokizunguka kiini. Kwa elementi 20 za kwanza, fuata kanuni hii: tabaka la kwanza huchukua elektroni 2, la pili 8, la tatu 8, na zinazobaki huanza tabaka la nne. Jaza la ndani kwanza.

Chukua sodiamu yenye elektroni 11. Mbili zinaingia tabaka la kwanza, zinabaki 9. Nane zinaingia la pili, inabaki 1. Moja hiyo inakaa tabaka la tatu. Tunaandika 2,8,1.

Fanya hivyo kwa elementi zote 20, ukianza na haidrojeni (1) na heliamu (2). Baadhi ya majibu ya kujisahihishia:

- Kaboni, namba 6: 2,4
- Oksijeni, namba 8: 2,6
- Neoni, namba 10: 2,8
- Klorini, namba 17: 2,8,7
- Agoni, namba 18: 2,8,8
- Potasiamu, namba 19: 2,8,8,1
- Kalsiamu, namba 20: 2,8,8,2

Kisha pigia mstari namba ya mwisho katika kila mpangilio. Hizo ndizo elektroni za nje. Atomu mbili zinapokutana, sehemu zinazogusana ni za nje, kwa hiyo elektroni hizo ndizo zinazoamua kama zitaungana au zitapishana.

Hatua ya 5: Chora jedwali lako

Chukua karatasi ya pili, uilaze kwa upana. Chora safu 8 za wima na mistari 4 ya mlalo, kila kisanduku kikiwa na upande wa sentimita 2. Sasa weka elementi kwa masharti mawili:

1. Kila tabaka jipya la elektroni linapoanza, anza mstari mpya.
2. Weka elementi kwenye safu inayolingana na idadi ya elektroni zake za nje.

Utapata hivi:

- Mstari wa 1: H safu ya 1, He safu ya 8
- Mstari wa 2: Li, Be, B, C, N, O, F, Ne
- Mstari wa 3: Na, Mg, Al, Si, P, S, Cl, Ar
- Mstari wa 4: K, Ca

Heliamu ndiyo pekee inayokataa sharti la pili. Ina elektroni 2 za nje, lakini tumeiweka safu ya 8 kwa sababu tabaka lake la kwanza limejaa, sawa na lile la nje la neoni lilivyotimia. Kujaa kwa tabaka ndiko kunakoitawala tabia yake.

Linganisha kazi yako na jedwali lililochapishwa. Mistari ya mlalo inaitwa vipindi, na safu za wima zinaitwa makundi. Katika majedwali ya sasa makundi yanahesabiwa 1 hadi 18. Safu zako 8 ni kundi la 1, la 2, kisha la 13 hadi la 18. Kuanzia 13, tarakimu ya mwisho inakupa elektroni za nje: kundi la 17 lina 7, kundi la 14 lina 4. Katikati, kundi la 3 hadi la 12, kuna metali kama chuma, kobalti, shaba na dhahabu. Zinaanza kwenye namba 21, ambapo tabaka la tatu linaanza tena kupokea elektroni, hadi lifikie 18. Kanuni yako ya 2,8,8 inaishia kwenye kalsiamu, usiivushe hapo.

Sasa angalia tungamo la agoni na la potasiamu. Agoni, namba 18, ina 39.95, potasiamu, namba 19, ina 39.10. Ungepanga kwa tungamo, potasiamu ingetangulia, iingie katika safu ya heliamu na neoni, na agoni iangukie kati ya metali kali. Wataalamu wa karne ya 19 walipanga kwa tungamo na wakakutana na vikwazo vya aina hii. Aliyevitatua ni Henry Moseley, kijana wa Kiingereza, ambaye mwaka 1913 alipima miale ya eksirei inayotolewa na elementi mbalimbali na kuonyesha kuwa kila elementi ina namba yake halisi, ile tunayoijua leo kuwa idadi ya protoni. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Gallipoli, akiwa na umri wa miaka 27. Kila unapoandika namba ya atomiki, unatumia kazi yake.

Hatua ya 6: Soma jedwali kwa wima

Shuka na kila kundi kwa kidole, na andika pembeni tabia zake.

Kundi la 1 (lithiamu, sodiamu, potasiamu). Zina elektroni 1 ya nje, na huiachia upesi. Ni metali laini zinazokatika kwa kisu, na humenyuka na maji kwa nguvu. Kadiri unavyoshuka, elektroni ya nje inakuwa mbali zaidi na kiini na inaachiliwa kwa urahisi zaidi: potasiamu ni kali kuliko sodiamu. Jaribio hili ni la maabara tu, na mwalimu akiwepo. Kwa ukali huo, sodiamu haipatikani peke yake ardhini. Utaikuta imeungana na vingine, kama kwenye magadi ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi, au kwenye chumvi ya jikoni. Haidrojeni imewekwa juu ya kundi hili kwa sababu ya elektroni yake moja, lakini si metali.

Kundi la 2 (magnesiamu, kalsiamu). Zina elektroni 2 za nje. Zinamenyuka, ila kwa upole kuliko jirani zao wa kushoto. Kalsiamu imo katika chokaa, matumbawe na mifupa yako.

Kundi la 17, halojeni (florini, klorini, na chini yake bromini na iodini). Zina elektroni 7 za nje. Zimepungukiwa moja, na huitafuta kwa nguvu. Hapa mwendo unageuka: ya juu ndiyo kali zaidi, kwa kuwa tabaka lake la nje liko karibu na kiini na huvuta kwa urahisi. Klorini husafisha maji ya bomba. Iodini huongezwa kwenye chumvi ili kuzuia rovu.

Kundi la 18, gesi adimu (heliamu, neoni, agoni). Tabaka la nje limetimia. Haziachii elektroni wala hazitafuti, kwa hiyo hukaa bila kuungana na kitu katika hali ya kawaida. Heliamu, ambayo mwaka 2016 watafiti walitangaza kuigundua kwa wingi katika Bonde la Rukwa, Tanzania, hutumika kupoza sumaku za mashine za MRI hospitalini.

Mwisho, soma kwa mlalo. Katika kipindi cha 3 unaanza na metali (sodiamu, magnesiamu, alumini), unapita silikoni iliyo katikati ya tabia mbili, kisha unaingia kwenye zisizo metali (fosforasi, salfa, klorini) na kumalizia na gesi adimu. Mwendo huo hurudi kila kipindi, na kurudi huko ndiko kulikolipa jedwali umbo lake.

Hatua ya 7: Andika fomula bila kukariri

Metali inapoungana na isiyo metali, metali hutoa elektroni zake za nje, na isiyo metali hupokea zinazokosekana ili kufikia 8. Hesabu zinazotolewa na zinazopokelewa, lazima zilingane.

- Sodiamu hutoa 1, klorini inahitaji 1. Moja kwa moja: NaCl, chumvi ya jikoni.
- Magnesiamu hutoa 2, klorini inahitaji 1. Zinatakiwa klorini mbili: MgCl₂.
- Kalsiamu hutoa 2, oksijeni inahitaji 2: CaO, chokaa hai.
- Alumini hutoa 3, oksijeni inahitaji 2. Alumini mbili hutoa 6, oksijeni tatu hupokea 6: Al₂O₃.

Atomu iliyotoa au kupokea elektroni huitwa ayoni. Sodiamu iliyoachia elektroni moja inabaki na protoni 11 na elektroni 10, kwa hiyo ina chaji ya +1. Bado ni sodiamu, maana protoni hazikuguswa. Wengi huandika kuwa imegeuka neoni kwa kuwa ina elektroni 10. Rudi Hatua ya 1: jina linafuata protoni.

Hatua ya 8: Ficha kisanduku, ubashiri kilichomo

Hapa ndipo utakapojua kama jedwali limekuwa lako. Katika jedwali lililochapishwa, funika bromini kwa kipande cha karatasi. Juu yake iko klorini, chini yake iodini. Tumia majirani hao:

- Tungamo: klorini 35.5, iodini 126.9. Wastani ni 81.2.
- Hali: klorini ni gesi, iodini ni yabisi. Ya katikati huenda ni kimiminika.
- Kuyeyuka: klorini huyeyuka kwenye nyuzi −101 za Selsiasi, iodini kwenye 114. Wastani ni kama 6.
- Fomula na sodiamu: iko kundi la 17, kwa hiyo NaBr.

Sasa funua. Tungamo halisi la bromini ni 79.9. Ni kimiminika chekundu cha kahawia, huyeyuka kwenye nyuzi −7, na kampaundi yake na sodiamu ni NaBr. Namba zako hazikulenga kila kitu barabara, lakini zimekufikisha jirani kabisa na ukweli.

Dmitri Mendeleev, nchini Urusi, alifanya kazi ya namna hii mwaka 1869, wakati elementi zilizojulikana zilikuwa 63. Pale ambapo hakuna elementi iliyofaa, aliacha nafasi wazi. Kwa nafasi iliyokuwa chini ya silikoni alibashiri metali yenye tungamo la atomu 72 na msongamano wa gramu 5.5 kwa sentimita ya ujazo. Mwaka 1886 Clemens Winkler, nchini Ujerumani, aliigundua germaniamu: tungamo 72.6, msongamano gramu 5.3. Mendeleev hakujua habari za protoni wala elektroni. Wewe unazijua zote mbili, basi una nyenzo nyingi kuliko alizokuwa nazo yeye.

Jipime

Jibu bila kuangalia, kisha linganisha.

1. Atomu ina protoni 16. Taja kipindi, kundi, na fomula yake ikiungana na magnesiamu.
2. Atomu ina protoni 20 na namba ya tungamo 40. Ina neutroni ngapi? Ikitoa elektroni zake za nje, itabaki na ngapi?
3. Strontiamu iko kati ya kalsiamu (40.1) na bariamu (137.3). Bashiri tungamo lake na fomula yake ikiungana na klorini.
4. Rubidiamu iko chini ya potasiamu. Itamenyuka na maji kwa nguvu zaidi au kidogo? Kwa nini?

*Majibu.* (1) Mpangilio ni 2,8,6, kwa hiyo kipindi cha 3, kundi la 16; ni salfa, na fomula ni MgS. (2) Neutroni 20. Zitabaki elektroni 18. (3) Wastani ni 88.7, na tungamo halisi ni 87.6; fomula ni SrCl₂. (4) Zaidi, kwa sababu elektroni yake ya nje iko tabaka la tano, mbali zaidi na kiini.

Ukikosa la 1, rudi Hatua ya 4 na ya 5. Ukikosa la 2, rudia Hatua ya 2 na ya 7. La 3 na la 4 yakikushinda, shuka tena na makundi ya Hatua ya 6 kwa kidole.

Kuanzia sasa, mwalimu akitaja elementi yoyote kati ya hizi 20, usikimbilie kitabu. Jiulize maswali matatu kwa mpangilio huu: ina protoni ngapi? Elektroni zake za nje ni ngapi? Ziko tabaka la ngapi? Mada nyingi utakazokutana nazo mbele, kuanzia muungano wa atomu, milinganyo ya kemikali hadi asidi na besi, zinaanza na majibu ya maswali hayo, na majibu yote matatu yamo kwenye karatasi uliyoichora mwenyewe.